Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: maneno ya vita, mapinduzi na dola kwa wanaosoma historia huku Kusini

Maswali haya yametoka kwenye darasa la jioni tunalofanya barazani kwangu, Mtwara mjini. Wanakuja vijana wa kidato cha tatu na cha nne, watahiniwa wa kujitegemea, na mama mmoja muuza samaki ambaye anarudia mtihani na anauliza kuliko wote. Nimeyapanga kadiri yanavyoulizwa, si kadiri ya silabasi.

Mwalimu, tarehe nimezikariri zote. Kwa nini tena nihangaike na maneno?

Tarehe haina upande, neno linao. Mwaka 1905 ni 1905 kwa Mjerumani na kwa Mmatumbi. Lakini yaliyotokea mwaka huo, mmoja aliyaita uasi na mwenzake akayaita vita, na wewe ukishachagua neno umeshachagua pa kusimama hata kama hukukusudia. Ndiyo maana kila neno jipya linaloingia daftarini kwetu linaandikwa na maswali mawili pembeni: nani alilisema, na alikuwa akimsema nani?

Ni "Vita vya Dunia" au "Vita ya Dunia"?

Utavikuta vyote viwili. Sarufi ya darasani inataka "vita vya", lakini mitaani na redioni "vita ya" imeshazoeleka, hasa kwenye jina kama "Vita Kuu ya Pili". Chagua moja usichanganye ndani ya insha moja. Mimi nashika "vita vya", kwa sababu mwalimu wangu wa Kiswahili hakuwa anaachia daftari bila wino mwekundu.

Ugomvi ulikuwa wa Wazungu huko kwao. Kwa nini tuuite vita vya dunia?

Panda basi la Masasi. Ukishapita Mnazi Mmoja na Mtama utafika Nyangao, na Mahiwa ni jirani yake. Katikati ya Oktoba 1917, kwa siku nne hivi, palipiganwa pale pambano kali kuliko karibu yote ya vita vile katika Afrika Mashariki. Waingereza walikuwa na watu kama 5,000, wakiwemo wanajeshi wa Nijeria na wa KAR (King's African Rifles), kikosi cha askari Waafrika cha Mwingereza. Zaidi ya nusu yao waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Upande wa Kijerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck ulikuwa na watu kama 1,500, ukapoteza kama 500. Uwanjani alishinda. Lakini hakuwa na pa kupata watu wala risasi za kuziba pengo lile, na tarehe 25 Novemba alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji kwa Wareno, pale Ngomano. Siku hizohizo puto kubwa la Zeppelin, L59, lilikuwa limeruka kutoka Bulgaria kumletea dawa na risasi. Liliamriwa kugeuza likiwa limeshafika anga la Sudan.

Sasa hesabu mwenyewe. Mjerumani, Mwingereza, Mnaijeria, Mmwera, Mmakonde, Mreno, na puto la kutoka Bulgaria, wote wanakutana kwenye mashamba ya Lindi kwa ugomvi uliowashwa Sarajevo. Neno "dunia" hapo halijatiwa chumvi. Wanafunzi wangu wengi wamepita Nyangao mara ishirini na hawajui wamepita wapi, wakati Verdun, uwanja wa vita vilevile huko Ufaransa, wanaitaja bila kujikwaa.

Kuna tofauti gani kati ya askari, rugaruga, keya na mpagazi?

Askari, katika vitabu vya kipindi kile, ni mwanajeshi Mwafrika wa jeshi la koloni, mwenye sare na mshahara. Rugaruga ni mpiganaji wa msaada, aliyeletwa na chifu au kukodiwa, mara nyingi bila sare. Keya ni KAR, kikosi cha Waingereza, kama wazee walivyokitamka. Ukisikia babu wa fulani alikuwa keya wa Burma, hiyo ni Vita vya Pili, ambapo vijana wa huku walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma.

Mpagazi ndiye anayesahauliwa na karibu kila insha ninayosahihisha. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, kwa hiyo jeshi lilitembea juu ya vichwa vya watu: unga, risasi, dawa, mpaka mizinga iliyofunguliwa vipande. Kila askari mmoja alihitaji wapagazi kadhaa nyuma yake. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la kikosi chao kwa Kiingereza, likitamkwa Kiswahili, kwa sababu kambi yao ilikuwa pale. Na kazi hiyo haikuanza na vita. Kati ya 1909 na 1913 ni wapagazi walioshusha mifupa ya mijusi mikubwa ya kale kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin, na iko huko mpaka leo.

Tafadhali usimalizie insha ya wapagazi kwa methali ya tembo na nyasi. Mtahini ameisoma asubuhi hiyohiyo mara arobaini. Na nyasi hazibebi mizinga.

Kusitisha mapigano, kusalimu amri, mkataba wa amani: si kitu kimoja?

Ni ngazi tatu, na hazifuatani lazima kwa siku moja. Kusitisha mapigano ni bunduki kunyamaza. Huko Ulaya ilikuwa 11 Novemba 1918. Kusalimu amri ni upande mmoja kuweka silaha chini mbele ya mwenzake. Kwa jeshi la Lettow-Vorbeck ilikuwa 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, Zambia, kwa sababu habari zilimfikia akiwa porini siku mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Mkataba wa amani ni karatasi inayosema nani anachukua nini na nani analipa fidia: Versailles, 28 Juni 1919.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilimkata binti mmoja alama kwa kuandika kwamba vita vilikwisha tarehe 25 Novemba. Alikuwa anazungumzia Afrika Mashariki, na alikuwa sahihi. Nilimrudishia alama zake wiki mbili baadaye, mbele ya darasa, na sijasahau alivyonitazama.

Kwa Vita vya Pili ongeza maneno mawili: "bila masharti". Ujerumani ilisalimu amri bila masharti Mei 1945. Japani ilitia sahihi tarehe 2 Septemba 1945.

Swali likisema "eleza sababu", nianze na kuuawa kwa Franz Ferdinand?

Hapana. Huku kila mtu anajua kuandaa shamba. Kiberiti ni kilekile mwezi wa tatu na mwezi wa tisa. Mwezi wa tatu nyasi mbichi hazishiki, mwezi wa tisa shamba zima linaondoka. Gavrilo Princip kumpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria na Hungaria, Sarajevo, 28 Juni 1914, ni kiberiti. Nyasi kavu ni ushindani wa dola kubwa, mbio za kujilimbikizia silaha, utaifa wa Balkan, na mapatano ya kulindana yaliyofanya ugomvi wa wawili uwe wa kumi.

Vivyo hivyo kwetu, kwenye Maji Maji. Nandete, katika vilima vya Umatumbi wilayani Kilwa, Julai 1905, watu waling'oa miche ya pamba. Hicho ni kiberiti. Nyasi zilikuwa kodi, viboko vya maakida, wasimamizi wa Mjerumani vijijini, na kazi ya lazima kwenye mashamba ya pamba wakati mashamba yao wenyewe yanaota magugu. Mwanafunzi anayetaja pamba peke yake hajaeleza sababu, ametaja siku.

Maji Maji ni vita au uasi?

Hili ndilo swali linalokula jioni nzima, na sijutii.

Kuasi ni kuvunja utii kwa anayestahili kutiiwa. Mtoto anaasi wazazi, askari anaasi mkuu wake. Ukiandika "uasi wa Maji Maji" umeshamkubalia Mjerumani kwamba alikuwa mtawala halali wa Umatumbi, na wenyeji ndio waliovunja utaratibu. Nyaraka zake zinasema hivyo kwa sababu alitaka ionekane hivyo. "Vita vya Maji Maji" inaweka pande mbili uwanjani. Ndiyo ninayoitumia, na ndiyo iliyozoeleka katika Kiswahili cha Tanzania.

Kuna pia "upinzani". Neno zuri, lakini limechakaa kwa siasa. Kijana mmoja alisoma "upinzani wa Abushiri", yule kiongozi wa vita vya pwani vya 1888, akaniuliza alikuwa wa chama gani. Hakuwa anatania.

Angalia mfano mwingine wa jina lenye mwenyewe. Mwaka 1888, watu wa pwani walipowafukuza maofisa wa kampuni ya Kijerumani, Berlin iliuita "uasi wa Waarabu". Lindi na Mikindani zilikuwemo, Wayao walishuka kutoka bara, na maofisa wale walikimbilia majini. Waarabu walikuwepo, ndiyo, lakini jina lile lilikuwa na kazi: lilimwezesha Bismarck kuomba fedha za kijeshi bungeni kwa kusema anapambana na wafanyabiashara ya watumwa. Jina linaweza kuchangisha pesa. Na baada ya hapo bado Machemba, kiongozi wa Wayao kwenye nyanda za Makonde, aliendelea kuwakatalia Wajerumani karibu muongo mzima.

Turudi Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wiki chache tu baada ya vita kuanza, na vita vikaendelea bila yeye hadi 1907: Liwale, Nyangao, Masasi, Ungoni na kwingineko. Kwa hiyo ukiandika "vita vya Kinjikitile" umekosea. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wengine wanafika 250,000 hadi 300,000. Wengi hawakufa kwa bunduki. Jeshi lilichoma maghala, likafyeka mazao, likazuia watu kulima. Mbinu hiyo iite kwa jina lake: kuwashindisha watu njaa kwa makusudi. Ukiandika "njaa ikatokea" umeifanya kama mvua iliyokosa kunyesha.

Dola, milki, ufalme, himaya: nitumie lipi?

Kwanza tuondoe kicheko. "Kuanguka kwa dola" kwenye ukurasa wa biashara ni noti ya Kimarekani. Kwenye historia ni kuporomoka kwa utawala mkubwa unaoshika mataifa mengi, na mwisho wa Vita vya Kwanza ziliporomoka nne: ya Ujerumani, ya Austria na Hungaria, ya Urusi na ya Uthmaniya.

Milki inasisitiza umiliki, kile kinachomilikiwa. Ufalme ni utawala wa mfalme, hata akiwa na kijiji kimoja. Himaya ndilo neno la kuangalia vizuri. Asili yake ni ulinzi. Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, karatasi ilisema inalindwa. Wajerumani nao waliyaita makoloni yao nchi za ulinzi, na jeshi lao la huku jeshi la ulinzi. Uliza: wanalinda nani, dhidi ya nani? Boma la Mikindani, lililojengwa 1895, linatazama mji na bandari kwa pamoja.

Tanganyika ilikuwa koloni la Mwingereza?

Kwenye kodi na amri, mwananchi wa Newala asingeona tofauti. Kisheria haikuwa. Ya Mjerumani ilikuwa koloni kamili. Baada ya Versailles, Uingereza ilipewa kuisimamia kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kuanzia 1946 kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kenya ndiyo iliyokuwa koloni. Tofauti hii inaonekana ya wanasheria mpaka ufike 1955, Julius Nyerere aliposimama New York mbele ya Baraza la Udhamini kueleza madai ya TANU. Mlango ule mtu wa koloni hakuwa nao.

Ukoloni na ubeberu vinatofautianaje? Na ubepari?

Beberu ni mbuzi dume. Anayeishi na mbuzi hahitaji maelezo zaidi. Ubeberu ni hali ya taifa lenye nguvu kuyakandamiza mengine kwa njia yoyote, kwa jeshi, kwa mkopo au kwa bei ya korosho. Ukoloni ni njia mojawapo, ile ya kuja kukaa na kutawala. Kwa hiyo bendera inaweza kushushwa na beberu akabaki. Hapo tunasema ukoloni mamboleo. Bepari zamani alikuwa mfanyabiashara tu, neno lililoletwa na wafanyabiashara wa Kihindi, kabla siasa haijalitwisha mfumo mzima wa uchumi.

Kwa nini Kiswahili kina "mapinduzi" moja tu kwa kila kitu?

Kwa sababu kitendo ni kimoja: kupindua, kukigeuza kitu chini juu, kama mtumbwi. Kinachobadilika ni kilichopinduliwa. Ikipinduliwa serikali peke yake na wanajeshi wakakaa kitini, andika "mapinduzi ya kijeshi". Ukipinduliwa mpangilio wa jamii nzima, nani anamiliki ardhi, nani anamwinamia nani, hayo ni mapinduzi yenyewe: Ufaransa 1789, Urusi 1917, Zanzibar 12 Januari 1964. Na yakipinduliwa maisha bila hata risasi, kwa mashine na makaa ya mawe, ni Mapinduzi ya Viwanda.

Mfano ninaoupenda ni Ureno, kwa sababu unavuka mipaka hii na pia unavuka mto wetu. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa vijana wa jeshi walichukua madaraka mjini Lisbon. Mpaka hapo ni mapinduzi ya kijeshi. Lakini watu walimiminika barabarani, wakachomeka maua kwenye mitutu ya bunduki, na utawala wa kidikteta wa miongo mingi ukafutika. Kwa nini maofisa walichoka? Kwa sababu ya vita visivyokwisha Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Kwa maneno mengine, wapiganaji waliokuwa wakivuka Ruvuma kutokea kwetu walisaidia kuipindua serikali ya Lisbon ambayo hawakuwahi kuiona. Mwaka uliofuata Msumbiji ilikuwa huru.

Mapinduzi ya Oktoba yalitokea Novemba. Ni kosa la uchapaji?

Si kosa. Urusi ilikuwa bado na kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Tarehe yao 25 Oktoba 1917 ni yetu 7 Novemba.

Ufashisti na unazi ni kitu kimoja?

Ni ndugu, si pacha. Ufashisti ni wa Italia ya Benito Mussolini, aliyeshika serikali 1922: taifa juu ya yote, kiongozi mmoja, upinzani hakuna. Unazi wa Adolf Hitler, aliyeingia madarakani Januari 1933, ulichukua hayo ukayajengea juu ya ubaguzi wa rangi na chuki kwa Wayahudi. "Dikteta" ni jina la jumla; kila fashisti mkuu ni dikteta, si kila dikteta ni fashisti. Na usisahau kwamba Waethiopia walikutana na ufashisti mwaka 1935, kabla ya Poland kuguswa.

Mauaji ya halaiki na mauaji ya kimbari?

Halaiki ni wingi: watu wengi kuuawa kwa pamoja, kama Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno walipowafyatulia risasi watu waliokuja kudai haki zao. Kimbari ni nia: kutaka kuliangamiza kundi la watu kwa sababu ni kundi lile. Wayahudi wa Ulaya chini ya Hitler, karibu milioni 6. Watutsi wa Rwanda, 1994. Waherero na Wanama wa Namibia, 1904 hadi 1908, chini ya Mjerumani yuleyule na miaka ileile ya Maji Maji. Neno lisitumike kwa kukasirika tu. Lina mzani wake wa kisheria tangu 1948.

Mradi wa karanga wa Nachingwea unaingia wapi kwenye Vita vya Pili?

Unaingia kwenye neno "ujenzi mpya". Vita vilipokwisha Uingereza ilikuwa na deni na haina mafuta ya kupikia. Mwaka 1947 ikaanza kulima karanga Tanganyika kwa eneo kubwa la kutisha: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Ardhi ikawa ngumu, mvua haikuitii ratiba, na mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Kwetu ilibaki bandari ya kina kirefu ya Mtwara, na reli iliyokuja kung'olewa. Mwulize mtu mzima wa Nachingwea habari za reli, atakuonyesha tuta.

Gaidi au mpigania uhuru? Na "vita baridi" vilikuwa baridi kwa nani?

Vita baridi ni mvutano wa Marekani na Umoja wa Kisovieti, ambao hawakupigana ana kwa ana. Baridi ilikuwa yao. Korea, Vietnam na Angola palikuwa moto.

Kwa swali la kwanza, FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ndiyo mfano ulio mlangoni. Ilianzishwa Dar es Salaam 1962, ikafyatua risasi ya kwanza Septemba 1964, na kambi yake kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea. Lisbon iliwaita magaidi. Sisi tuliwaita wapigania uhuru. Tena Lisbon ilikuwa na ujanja mwingine wa maneno. Mwaka 1951 ilifuta neno "makoloni" kwenye sheria zake, ikaandika "majimbo ya ng'ambo". Kama Msumbiji ni jimbo la Ureno, basi hakuna koloni, na asiyekoloniwa atadai uhuru wa nini? Mei 1975 kiongozi wa FRELIMO, Samora Machel, aliondoka Nachingwea akavuka Ruvuma, akaenda nchi nzima hadi Maputo, na tarehe 25 Juni uhuru ukatangazwa. Hilo linaitwa "ukombozi", kutoka kukomboa, kama unavyokomboa kitu ulichoweka rehani. Ulikuwa wako tangu mwanzo.

Kuna maneno ya nyumbani yaliyotoka kwenye historia hii?

Mengi, na unayatumia leo. Hela ni sarafu ndogo ya Mjerumani. Shule ni ya kwake pia. Manowari tumeitwaa kwa mabaharia wa Kiingereza. Maarufu kwa huku ni Königsberg ya Wajerumani, iliyomalizwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake ikavutwa nchi kavu iendelee kupigana. Bombomu ni bunduki ya rashasha, imeitwa kwa mlio wake. "Hamsa ishirini", viboko 25, wazee walimwitia Mjerumani mwenyewe.

Naweza kutumia simulizi za bibi kwenye insha?

Unaweza, ukisema ni simulizi na ni ya nani. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walizunguka vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji, na mengi tunayoyajua nje ya nyaraka za Kijerumani yametokana na kazi hiyo. Andika neno kama alivyolitamka. Bibi akisema "wakati wa Mdachi", usimsahihishe uandike "Mjerumani" ukadhani umemsaidia.

Nina neno ambalo halipo hapa. Nifanyeje?

Njoo nalo Jumamosi, pamoja na sentensi uliyolikuta ndani yake. Mara ya mwisho yule mama muuza samaki alikuja na "kukabidhi". Alikuwa amesoma kwamba Versailles iliikabidhi Kionga kwa Ureno. Tukafungua ramani. Kionga ni kipande cha nchi kusini ya mdomo wa Ruvuma. Wajerumani walikitwaa 1894, Wareno wakakitwaa tena 1916, na mkataba ukakipitisha. Yeye ana jamaa zake huko, wananunua naye pweza. Akauliza: "Sasa mwalimu, kukabidhi si mpaka kitu kiwe chako?" Tukakaa tunalitazama lile neno. Mwishowe akalifuta kwa kalamu, akaandika "kutwaa" mara tatu, na miaka pembeni.